X Mlangoni kwa Mlinzi

“Binti yangu ana miaka kumi. Hata ungo hajavunja. Saratani ya mlango wa kizazi mnamchanjia ya nini?”

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa anauza migebuka katika kata ya Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga samaki wake mafungu mafungu huku akifukuza nzi kwa kipande cha boksi, na kabla sijafungua kinywa akanitupia swali la pili: “Na hicho kirusi chenu, mnasema wengi wanacho. Mbona hawaugui wote?”

Muuguzi niliyekuwa naye alimjibu, tena vizuri. “Mama, kirusi hiki kinapita kwa kujamiiana. Chanjo ni kinga, kwa hiyo lazima itangulie.” Yule mama akaitikia kwa kichwa, ila uso wake ulionyesha hajatosheka, na nadhani alikuwa na haki. Alitaka kujua kile ambacho vipeperushi hukiruka: kidudu kisichoonekana kwa macho kinafanyaje mpaka nyama ya mtu mwenyewe igeuke kumla? Nilibabaisha jibu lisilo na kichwa wala miguu, kisha mteja akaja akaniokoa. Jibu lenyewe ni hili.

Swali lake lina uzito wa pekee Katavi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa mkoani humo wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba ya kwanza. Kiwango cha Tanzania nzima kilikuwa 27. Hakuna mkoa uliokuwa juu ya Katavi. Mahali ambapo ujana unaanza mapema hivyo, kirusi nacho kinapata mlango mapema, na miaka ya kufanya kazi yake inakuwa mingi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kati ya saratani zote nchini. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500.

Seli inajenga, na inabomoa

Ukitaja protini, wengi wanawaza maharage na dagaa. Ni sawa, lakini protini unayokula tumboni inavunjwa kuwa punje ndogo ndogo ziitwazo asidi amino, na kila seli ya mwili inazichukua punje hizo na kuunda protini zake yenyewe. Seli ni chumba kidogo kabisa chenye uhai. Mwili umejengwa kwa vyumba hivyo, matrilioni kwa matrilioni. Ndani ya kila chumba, protini ndizo zinazofanya kazi: nyingine nguzo, nyingine wapagazi, nyingine walinzi, nyingine wapiga mbiu wanaosema “sasa gawanyika” au “sasa tulia”.

Kila protini ina siku zake. Ikichakaa, ikiharibika, au kazi yake ikiisha, huondolewa. Na hapa seli inafanya jambo ambalo kila aliyewahi kusafiri kwa barabara Tanzania atalielewa mara moja. Umeona nyumba zilizopigwa X nyekundu ukutani? Mwenye nyumba akiiona alama ile hahitaji barua. Nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, na tingatinga liko njiani.

Seli nayo inapiga X. Kikosi chake cha ubomoaji kiko hivi:

- X yenyewe ni protini ndogo iitwayo ubikwitini, yenye punje 76 tu. Kwa kawaida X moja haitoshi. Huunganishwa kadhaa, nne au zaidi, kama mnyororo.
- Wachoraji ni protini zenye kazi ya kuchagua nani apigwe X. Wanasayansi huziita ligazi. Binadamu ana aina zaidi ya 600, na kila mchoraji ana nyumba anazozijua.
- Wafutaji hupita nyuma na kuifuta X kabla tingatinga halijafika. Hawa ni kama aina 100.
- Tingatinga ni proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa. Mdomo wake ni mwembamba, na ndani kuna meno. Protini yenye X huvutwa ndani, hukatwakatwa, na vipande vyake hurudi kujengea nyingine.

Kwa miaka mingi wasomi hawakuona mvuto wa kuchunguza ubomoaji. Umaarufu ulikuwa kwa wanaoeleza jinsi seli inavyojenga. Ila palikuwa na kitendawili kimoja: seli hutumia nguvu, yaani inalipa, ili kubomoa protini zake. Mate na tumbo huvunja chakula bila gharama hiyo. Kwa nini mtu alipie kubomoa? Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wakifanya kazi Haifa nchini Israel, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia nchini Marekani, walikifuata kitendawili hicho mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndipo wakaikuta X. Gharama ni ya kuchagua. Kubomoa ovyo ni bure. Kubomoa nyumba moja ukaiacha ya jirani kunahitaji afisa, rangi na utaratibu. Mwaka 2004 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kwa ufupi: uhai wa seli unategemea mambo mawili, kinachojengwa na kinachoondolewa. Anayeamua kinachoondolewa ni yule mwenye brashi.

Mlinzi wa dakika ishirini

Kati ya protini zote ambazo watafiti wa saratani wanazifuatilia, hakuna iliyoandikiwa zaidi kuliko moja yenye jina kavu la p53. Hiyo 53 ni makisio ya uzito wake maabara. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kama kumi wakubwa wa fani waliamini kuwa ndiyo inayoleta saratani, kwa sababu waliikuta imejaa ndani ya uvimbe. Ilikuja kubainika kuwa walichokuwa wanakiona ni p53 iliyoharibika. Nzima ni mlinzi. Napenda kuwakumbusha wasomaji kisa hicho kila ninapoulizwa kwa nini wanasayansi hubadili kauli.

Kazi ya mlinzi huyu ni kukagua maandishi ya urithi, yaani vinasaba, ambavyo ni kitabu cha maelekezo ndani ya kila seli. Kitabu kikichanika, p53 anasimamisha seli isigawanyike. Kikirekebishika, kazi inaendelea. Kisiporekebishika, anaiamuru seli ijiue. Ni ukatili wenye faida: seli moja inakufa ili isizae maelfu yenye kasoro ileile.

La ajabu ni kwamba seli yenye afya humjenga mlinzi huyu mfululizo na kumbomoa mfululizo. Ana mchoraji wake maalumu, MDM2, ambaye humpiga X karibu tu anapozaliwa. Nusu ya p53 iliyopo sasa hivi itakuwa imeondoka baada ya dakika kama ishirini. Ukiangalia juujuu ni ufujaji. Lakini fikiria bodaboda pale kijiweni ambaye hazimi pikipiki. Anachoma mafuta bila abiria, kweli. Siku mgonjwa anapoletwa usiku, yeye haanzi kupiga kiki. Vinasaba vikikatika, p53 hubadilika kidogo, MDM2 hawezi tena kumshika, X hazichorwi, na kwa muda mfupi walinzi wamejaa chumbani. Hakuna haja ya kuanza kuwajenga upya. Inatosha kuacha kuwabomoa.

Na kwa nini wasiwepo wengi siku zote? Kwa sababu mlinzi asiyelala angezuia kila kitu. Kidonda kisingefunga, ngozi isingejirudishia, mtoto asingekua.

Katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu, maelekezo ya kumjenga p53 yameharibika. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa fumbo. Watafiti walipoyasoma maelekezo hayo katika seli za wagonjwa wengi, waliyakuta hayana doa. Mlinzi anajengwa, tena mzima. Ila lindoni hayupo.

Mwizi wa brashi

Kirusi cha papiloma, ambacho kliniki zetu hukiita HPV, kina aina zaidi ya 200. Nyingi huleta sugu na vigwaru, au hazimletei mtu chochote. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Harald zur Hausen wa Ujerumani ndiye aliyezitambua, mwaka 1983 na 1984, akapewa Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki ni maskini. Hakina mtambo wa kunakili vinasaba vyake. Lazima kiazime wa seli. Tatizo lake ni kwamba seli za juu za mlango wa kizazi zimeshastaafu. Hazigawanyiki, na mitambo yake ya kunakili imezimwa. Kirusi kinahitaji kuziamsha kwa nguvu, na seli ikiamshwa kinyume cha taratibu, p53 huja mbio.

Kwa hiyo kinafanya hila mbili. Protini yake moja, E7, inamkamata mshika breki wa seli na kumfanya abomolewe. Ya pili, E6, ndiyo kiini cha sura hii. E6 ni ndogo na haina meno. Haivunji chochote yenyewe. Inachofanya ni kumtafuta mchoraji mmoja wa seli ambaye kwa kawaida hana habari na p53, ikamshika mkono, kwa mkono wa pili ikamshika p53, na kuwakutanisha. Mchoraji, kwa mkono wake mwenyewe na rangi ya serikali ya seli, anapiga X mlangoni kwa mlinzi. Tingatinga likifika haliulizi nani aliyemleta mchoraji. Limeona X.

Watafiti wa Marekani waliouonyesha ubomoaji huu mwaka 1990, chini ya Peter Howley, walimtambua mchoraji mwenyewe miaka mitatu baadaye. Walimpa jina la E6AP, yaani mwenza wa E6, jina ambalo naliona kama dhuluma ndogo kwa protini iliyokuwa na shughuli zake halali kabla ya mwizi kuja.

Ushahidi unaonigusa zaidi umetoka kwa mwanamke mmoja. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila ridhaa yake, na mpaka leo zinaendelea kuzaliana katika maabara duniani kote. Ndani yake kuna HPV 18. Mwaka 2000 watafiti walizizima E6 na E7 ndani ya seli hizo. Mlinzi na mshika breki wakarudi kazini, na seli zilizokuwa zimegawanyika bila kupumzika kwa karibu nusu karne zikasimama. Ina maana p53 alikuwa hajafa miaka yote ile. Kila alipoinuka alikuwa anabomolewa.

“Mbona hawaugui wote?”

Sasa naweza kulijibu swali la pili la mama wa migebuka. Hawaugui wote kwa sababu kuondolewa kwa mlinzi si sawa na nyumba kuibiwa. Wanawake wengi wanaoambukizwa, kinga yao hukifagia kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na seli zilizoathirika hupukutika zenyewe. Hatari iko kwa wachache ambao kirusi kinang'ang'ania. Kwao kila seli inapogawanyika bila ukaguzi, kosa moja linabaki, la pili linabaki, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kabla makosa hayajawa saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na kwa jumla hatari kwa wanaoishi na VVU ni kama mara sita ya wengine.

Kirusi chenyewe hakina faida yoyote na saratani. Ndani ya uvimbe, mara nyingi vinasaba vyake vimekatika na kujishona katika vya seli, na hakiwezi tena kutoka kwenda kwa mtu mwingine. Kinakufa na mwenyeji wake.

Nyumba isiyoshika rangi

Kosa la upande wa pili, la kuacha kinachotakiwa kubomolewa, nalo lipo, na kwa hilo Afrika Mashariki imeufundisha ulimwengu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akaanza kuwaona wengine, akaandika habari zao mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wa misheni wakaingia katika gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri kama kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa bara, wakiuliza hospitali hadi hospitali: mnawaona watoto hawa? Ugonjwa ukajichora wenyewe kwenye ramani, ukifuata ukanda wa joto na mvua, ambao ndio ukanda wa malaria. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Ndani ya seli za uvimbe huo kuna protini iitwayo MYC, mpiga mbiu wa “gawanyika!”. MYC ni kama turubai la harusi: linafungwa kwa shughuli, shughuli ikiisha linashushwa. Katika seli yenye afya nusu yake huondoka ndani ya nusu saa hivi. Katika limfoma ya Burkitt hitilafu ya vinasaba huifanya MYC ijengwe bila kiasi, na mara nyingi pale hasa ambapo mchoraji hushika ili apige X, punje moja imebadilika. Rangi haishiki. Harusi imekwisha, wageni wamelala, turubai liko palepale na muziki unalia.

Weka kisa hiki kando ya kile cha E6. Kwa Burkitt aliyetakiwa kuondoka amebaki. Kwa mlango wa kizazi aliyetakiwa kubaki ameondolewa. Saratani mbili, viungo viwili, wagonjwa wa umri tofauti, na ugomvi uleule wa brashi.

Kuna dawa zinazoingilia ugomvi huu. Bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, hulizuia tingatinga lenyewe. Hutumika kwa mieloma, saratani ya uboho wa mifupa ambayo seli zake hutengeneza protini nyingi kupita kiasi na hivyo husongwa na taka zao zikikosa kuzolewa. Kwa mlango wa kizazi, dawa ya kumpokonya E6 brashi bado haijafika wodini. Tiba ni upasuaji, mionzi na dawa za kemikali. Kwa mgonjwa wa Mpanda, mionzi maana yake ni safari ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Anayekwenda Dar kwa treni anapita reli ya Kaliua, ile iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, halafu Tabora, halafu Dar, zaidi ya kilomita 1,000 zote pamoja. Atakayepanda treni hiyo akiwa na maumivu hahitaji kuelezwa kwa nini kinga ni bora.

Wasichana 930 wa Mwanza

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Dozi ya pili ndiyo iliyokuwa shida: binti amehama shule, amekwenda mashambani na wazazi, amekwishaolewa. Mwaka mmoja kabla, utafiti ulikuwa umeanza Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, baadhi wakipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Karibu wote waliopata dozi moja walijenga kinga dhidi ya aina ya 16, na kinga hiyo ikadumu. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likubali ratiba ya dozi moja. Mwaka 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti wa Kashaulili anachomwa sindano moja kwa sababu wasichana wa Mwanza walikubali kuchomwa kwanza na kutolewa damu mara kwa mara.

Ndani ya kichupa kuna nini? Ganda la nje la kirusi, tupu. Hakuna vinasaba, hakuna E7, hakuna E6. Uvumi wa kwamba chanjo hufunga kizazi unazunguka kila kona, na sidhani unastahili dharau, maana mzazi anayeogopa ni mzazi anayejali. Lakini ganda halina cha kufungia. Mwili unalisoma, unatengeneza askari wa kulitambua, na siku kirusi halisi kitakapokuja kinakamatwa nje, kabla hakijaingia kwenye seli na kutafuta mwenye brashi. Kikishaingia, askari hao hawawezi kukifuata. Ndiyo maana ni sasa, akiwa na miaka kumi.

Nilirudi kwa mama yule siku iliyofuata, nikamweleza haya, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Haya, huyo ni binti. Na mimi je?”

Kwa mwanamke aliyekwishaanza kujamiiana, wa miaka 30 hadi 50, na mapema zaidi kama anaishi na VVU, kipimo kinachotumika zaidi ni siki. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi maji ya siki, ya ukali unaokaribiana na ule wa mezani, akasubiri dakika moja. Asidi hugandisha protini. Seli zenye afya zina kiasi cha kawaida, hazibadiliki sana. Seli ambazo mlinzi wake amekuwa akibomolewa miaka na miaka zimegawanyika ovyo, viini vyake vimevimba, zimejaa protini. Pale siki inapogusa panakuwa peupe, kama ute wa yai linapoanza kuiva. Doa hilo, likiwa bado changa, huweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi siku hiyohiyo.

“Siki hii hii ya kachumbari?” akauliza.

Hii hii, nikamwambia. Akamwita mwanawe aje akae kwenye samaki.